Fundi wa nyaya aliyeombwa marehemu asibaki ukutani

Saa nne asubuhi jua limeshauwakia Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Maguta, zile baiskeli za mizigo za magurudumu matatu, yanapiga kengele, spika za wauza nguo zinarudia bei ileile, na wabeba mizigo wanaomba njia kwa kelele.

Ghorofa ya pili, ndani ya ukumbi, ni usiku. Madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi na taa zimezimwa. Kelele za mtaani zinafika huku zimechoka, kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Kwenye ukuta wa mbele, skrini kubwa inaonyesha utepe mwekundu unaopepea. Utepe wenyewe ni mfupi kama kidole. Umefungwa kwenye feni ndogo ya mezani, mbele ya kamera, nyuma kabisa ya ukumbi. Lakini ukutani una kimo cha mtu mzima, nao unajikunja na kujinyoosha bila sauti yoyote.

Swaumu anautazama kwa muda. Ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mikono ya baibui ameipandisha hadi viwikoni, tochi ndogo ameibana kwapani. Anainama na kuchomoa waya.

Skrini inakuwa nyeusi.

"Hapo sawa," anasema kwa sauti ya chini. "Giza ndilo jibu ninalolitaka. Waya ukikatika halafu picha ikabaki, hapo ndipo ninapoogopa."

Kazi yake haina jina rasmi. Kwenye maonyesho ya jukwaani, iwe harusi, taarabu, singeli au usiku wa garba, ngoma ya Wahindi, yeye ndiye anayechagua waya gani ubebe picha kutoka kwenye mitambo hadi kwenye skrini, upite wapi, na ufungwe vipi kila mwisho wake.

"Mwimbaji akionekana, hakuna anayeulizia waya," anasema. "Asipoonekana, ukumbi mzima unageuka kuniangalia mimi."

Siku yenye onyesho hulipwa shilingi elfu themanini. Wiki isiyo na onyesho hurudi Mtaa wa Aggrey, kwenye duka la Nirav, mfanyabiashara aliyemwajiri akiwa binti wa miaka kumi na tisa, kazi yake ikiwa kukata waya kwa mita.

Hakusomea popote. Wateja walikuwa wakirudisha nyaya zilizowaangusha, na Nirav akizitupa kwenye pipa. Swaumu alizitoa, akazipasua kwa wembe, akatazama zilikufa kwa nini. Nyingi, anasema, zilikuwa zimekufa kabla hazijauzwa.

Anafungua mkoba na kutoa sumaku nyeusi, ndogo kama kifungo cha koti. Anaigusisha kwenye ncha ya waya mpya unaong'aa kama shaba safi. Sumaku inanasa.

"Shaba hainaswi," anasema. "Hiki ni chuma kimepakwa rangi ya shaba. Kwa mkono huwezi kujua, kwa jicho huwezi kujua. Utakaa nacho, utakiamini, halafu siku ya watu kitakuacha."

Hata hivyo, waya uliompa Swaumu jina mjini ulikuwa wa shaba kweli, na ulikuwa mzima.

Mwaka jana familia moja ya Kihindu ya Kisutu ilikodi ukumbi kumkumbuka babu yao, Ravindra, aliyefariki baada ya miaka mingi ya kuuza vyombo vya jikoni. Waliagiza skrini kubwa na picha moja tu: mzee akiwa amevaa shati jeupe, anatabasamu kidogo, akitazama mbele. Picha hiyo ikae ukutani tangu alasiri mpaka mwisho wa ibada.

Swaumu alilaza waya. Mjukuu wa marehemu, kijana aitwaye Dhaval, aliunganisha kompyuta yake, picha ikatokea, kila mtu akaridhika. Kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kuonyesha, majaribio yalifanywa kwa picha hiyohiyo ya mnato.

Watu wakaja wamevaa nyeupe. Wakaimba, wakaweka maua na taa chini ya skrini, wakainamisha vichwa mbele ya ule uso mkubwa. Ibada ilipokaribia mwisho, Dhaval alikwenda kuifunga kompyuta. Akaikuta imezimika. Ilikuwa ya baridi kabisa.

"Alikuja kwangu amenyong'onyea," anakumbuka Swaumu. "Akaniambia, 'Dada, kompyuta imekufa tangu maghribi. Betri iliisha, chaja haikuingia vizuri.' Mimi nikatazama ukutani. Babu yake yuko palepale. Nikamuuliza, sasa nani anaituma ile picha?"

Hakuna aliyekuwa akiituma. Sababu ilijulikana kesho yake: boksi linaloiongoza skrini lilikuwa limepangwa, picha ikikatika, lishike ile ya mwisho na kuendelea kuionyesha. Kwa zaidi ya saa moja watu walikuwa wakiimbia picha isiyotoka popote.

Lakini jioni ile hakuna aliyejua. Swaumu alichomoa waya, uso ukabaki. Akachomoa na mwingine, uso ukabaki. Wageni walioona waya mkononi mwake na mzee bado anatabasamu walianza kuelekea mlangoni, kwanza polepole, halafu kwa kusukumana. Wengine waliacha viatu.

Mjane, Ranjanben, hakukimbia. Aliinuka kwenye kiti chake, akasogea hadi mbele ya skrini, akasema kwa Kiswahili, lugha aliyozoea kutumia na mumewe dukani: "Basi, Ravindra. Tumekwisha. Twende nyumbani."

Skrini ikazimika.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuzima swichi kubwa," anasema Swaumu. "Watu wanasema nilizima. Na mimi husema nilizima, maana ndilo jambo rahisi. Ila mkono wangu ulikuwa haujafika."

Tangu hapo, Mtaa wa Aggrey una utani wake. Akipita na mkoba wa nyaya, vijana wa madukani humwita.

"Swaumu! Leo unamleta nani?"

"Nakuja kumleta babu yako, anadai kodi yake," hujibu, na wao hucheka. Lakini baadhi ya wenye maonyesho waliacha kumpigia simu. Na yeye, kuanzia wiki ile, alinunua feni ya mezani na utepe. Hajaribu tena waya kwa kitu kisichotembea.

Simu iliyomleta kwenye ukumbi huu ilitoka kwa Sitara, mwimbaji wa taarabu wa miaka thelathini na mbili. Mama yake, Bi Shamsa, alikuwa mwimbaji pia, na amefariki miaka sita iliyopita. Familia imebakiwa na mkanda mmoja wa video, ule mkubwa wa zamani wa kuingiza kwenye deki, uliorekodiwa harusini Sitara akiwa mtoto mdogo. Ndani yake Bi Shamsa anaimba wimbo mzima.

Sitara alitaka kuuimba wimbo huo pamoja naye. Mama ukutani, mwana jukwaani, wakipokezana beti. Onyesho liwe saa kumi alasiri, kwa kuwa wapenzi wa Bi Shamsa sasa ni watu wazima, hawapendi kurudi makwao usiku.

"Nilimpigia dada Swaumu kwa sababu ya ile habari ya Kisutu, si kwamba sikuisikia," anasema Sitara. "Nilijiwazia, aliyekwisha kuliona jambo lile kwa macho yake atakuwa mwangalifu kuliko fundi mwingine yeyote."

Mkanda unakaa kwa mjomba wake, Abdulkadiri, kaka mkubwa wa marehemu. Saa tano asubuhi mzee huyo anapanda ngazi mwenyewe, kwa kupumzika kila kituo, akiwa ameukumbatia mkanda uliofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mzee," anasema Swaumu.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa mizimu?"

"Ndiyo mimi, mzee. Wanasema hivyo."

"Mimi mizimu sitaki." Anaketi, lakini mkanda hauachii. "Marehemu anaombewa dua, hachezeshwi. Huyu binti amenililia mwaka mzima ndiyo nimekubali. Sasa nisikilize. Dada yangu alipanda jukwaani kwa miguu yake, akaimba, akatoka kwa miguu yake. Mkimgandisha humo ukutani mdomo wazi, watu wakae wamtazame, mkanda huu hamtauona tena. Na msimkate katikati. Aondoke mwenyewe."

"Mjomba jamani, hata maji hujanywa," anasema Sitara.

"Maji nitakunywa. Na nitakaa mstari wa mbele."

Hataki pia mkanda unakiliwe. Leo ukinakiliwa, anasema, kesho dada yake atakuwa kwenye kila simu, anakatwakatwa na kuwekewa maneno ya kipuuzi. Uchezwe mara moja, kutoka kwenye deki, mbele yake.

Kwa Swaumu, sharti hilo linageuza kazi yote. Deki la zamani hutoa picha kwa waya wa njano, na waya wa njano hautembei mbali. Ukiurefusha, picha hufifia na kuvuta mvumo wa umeme. Kutoka meza ya mitambo hadi skrini ni urefu wa ukumbi mzima.

Anaanza kwa kuukataa waya wa HDMI, ule mpana kichwani ambao wengi wanaujua kwa televisheni za nyumbani. Ukiwa mrefu hivyo hukata picha bila taarifa, na kichwa chake kimesukumwa tu ndani. Mtu akijikwaa, kinatoka. Anachagua waya wa SDI, mweusi wa duara kama wa antena, ambao kichwa chake huzungushwa mpaka kikafunga.

Analaza miwili. Mmoja unafuata ukuta wa kushoto, mwingine unapita juu ya dari, ili balaa moja lisiipate yote. Kila unapokutana na waya wa umeme, anauvusha kama njia panda.

"Hazilali pamoja hivi," anasema akinyoosha waya sakafuni. "Zikilala pamoja, wa umeme unamnong'oneza mwenzake. Unaona kivuli kwenye picha, mtu anapita nyuma ya mwimbaji, na hakuna mtu aliyepita."

Kati ya waya wa njano na ule mweusi panakaa kiboksi kidogo, si kikubwa kuliko pakiti ya majani ya chai, kinachobadilisha picha ya zamani iwe ya kisasa. Hicho ndicho kinachomnyima raha.

"Boksi la skrini nimelipanga: ukikosa picha, weka giza. Mmeona lenyewe linatii. Hiki kidogo hakipangiki. Mkanda ukilegea, kinashika ile picha ya mwisho, kinakaa nayo. Nimepita maduka ya Kariakoo nikitafuta kingine. Stika tofauti, tumbo lilelile."

Anayekaa mezani ni Kasmir, kijana mpole anayerusha picha, na kidole chake ndicho kitakachoamua ukutani aonekane nani. Wanakubaliana: mama akiganda, Kasmir atazima skrini papo hapo. Bora kumkata kuliko kumwacha. Lakini atazima kwa neno la Swaumu tu, atakayekaa kando ya skrini na redio ya mkononi.

Wanajaribu ubeti wa kwanza peke yake. Mkanda umechakaa, na kila ukipita kwenye deki unaacha unga mweusi. Bi Shamsa anatokea ukutani kwa gauni la kijani, anafungua kinywa, anaimba mistari michache kwenye ukumbi mtupu. Kasmir anasimamisha deki. Skrini inarudi nyeusi.

Abdulkadiri anaomba yale maji.

Saa kumi ukumbi umejaa. Wanawake wamekuja na madira yao mazuri, wazee wamevaa kanzu, udi unafuka karibu na mlango. Nje bado ni mchana mweupe; kila anayeingia anasimama kwanza mlangoni, akisubiri macho yazoee giza.

Sitara anapanda, anasimama kushoto kwa skrini. Fidla inaanza. Bi Shamsa anatokea.

Sauti inayopita ukumbini si ya kuogofya. Ni watu wengi kuvuta pumzi pamoja.

Mama anaimba ubeti, mwana anajibu. Kasmir anamchukua Sitara kwa kamera na kuwaweka ukutani wawili, bega kwa bega, kimo kimoja, na kwa jinsi walivyofanana haieleweki mara moja yupi ni wa leo. Wazee wengine wanaimba kwa midomo bila sauti. Mama mmoja mstari wa nne anatunza: anaamka na noti mkononi, anafika karibu na skrini, anasita, hajui amkabidhi nani, kisha anaiweka sakafuni na kurudi nyuma bila kugeuza mgongo.

Ubeti wa mwisho unakwisha. Fidla inanyamaza. Kasmir anamwondoa Sitara, ukuta wote unabaki wa Bi Shamsa. Anashusha kipaza sauti hadi usawa wa kiuno.

Na anasimama.

Hatembei. Hapepesi macho. Uso ameugeuza kidogo upande, midomo imeachana kama mtu aliyekatizwa kabla ya neno. Kijani cha gauni kinamulika nyuso za watu wa mbele. Sekunde zinapita na hakuna kinachobadilika.

"Swaumu," Kasmir ananong'ona redioni. "Imeganda?"

Swaumu anasogea karibu zaidi na skrini. Amepiga magoti kando ya skrini, shingo ameinamisha.

"Swaumu, nikate?"

Mstari wa mbele Abdulkadiri ameinuka, fimbo mkononi. Nyuma kiti kinaburuzwa; mtu ameanza kuondoka. Sitara amesimama palepale kushoto, kipaza sauti kimemshuka, anatazamana na mama yake.

Mikanda ya zamani ina kasoro ambayo watu wengi hawaioni. Chini kabisa ya picha, pembezoni, kuna uzi mwembamba wa chenga, vidoadoa vinavyomeremeta, na deki linapozunguka chenga hizo hazitulii hata kidogo. Picha ikishikwa na kiboksi, nazo zinashikwa. Hapo ndipo macho ya Swaumu yalipo. Hamtazami Bi Shamsa. Anatazama chini ya pindo la gauni lake, kwenye uzi ule.

Unatetemeka.

"Usiguse," anasema redioni. "Usiguse kitu, Kasmir. Yupo. Amesimama tu."

Ukutani, Bi Shamsa anatikisa kichwa kidogo, kama anayeitika. Anatabasamu. Anainua pindo la gauni kwa mkono mmoja na kuanza kutembea kuelekea kushoto, aliposimama binti yake. Sitara anarudi hatua nyuma. Mama anafika ukingoni mwa skrini, bega linapotea, kisha kichwa, kisha kitambaa cha kijani. Jukwaa la zamani linabaki tupu, pazia linacheza kidogo. Kisha giza.

Hakuna anayepiga makofi. Kutoka katikati ya ukumbi bibi mmoja anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, Shamsa. Kwaheri." Hapo ndipo vigelegele vinapopasuka.

Watu wanapokwisha kushuka, vitambaa vyeusi vinafunguliwa na jua la jioni linaingia kwa mshazari. Skrini, iliyozimwa, inatoa vilio vidogovidogo ikipoa.

Abdulkadiri bado yuko kitini. Anasema alisahau kabisa mpaka alipoona. "Aliyemsimamisha pale ni mimi. Siku ile ya harusi nilikuwa nyuma ya pazia, namwamsha huyu Sitara, kalala juu ya masanduku ya spika. Mama yake hakutoka jukwaani mpaka aone nimembeba. Ndiyo alikuwa anatazama upande ule."

"Leo alinitazama mimi," anasema Sitara. "Nilijua atapita pale niliposimama. Nikampisha."

Kasmir, akitoa mkanda kwenye deki, anasema kwa aliyeketi mezani alionekana kumtazama yeye, nyuma ya ukumbi. Mama aliyetunza, kabla ya kushuka ngazi, alikuwa amewaapia wenzake kwamba aliyetazamwa ni yeye. Swaumu anawasikiliza wote, hambishii mtu.

"Mimi uso sikuuona," anasema. "Nilikuwa natazama chenga."

Abdulkadiri anaufunga mkanda kwenye kanga. Fundo la kwanza, fundo la pili. Halafu anamuuliza mpwa wake onyesho linalofuata, la Tanga, ni lini.

"Baada ya Idi, mjomba."

"Uje uuchukue. Lakini na huyu aende. Asije mwingine."

Habari hiyo Swaumu anaipokea akiwa sakafuni, akikunja waya mweusi kwa mzunguko mpana ili usivunjike ndani. Ana mipango. Amekwisha kumwomba Nirav amwagizie kutoka nje kiboksi kinachokubali kupangwa, akilipie kidogokidogo. Tanga anataka afike siku moja kabla, alaze nyaya kwa nafasi, na amfundishe Kasmir kuzisoma zile chenga mwenyewe. Kwa miaka yote hii ya maonyesho, anasema, hajawahi kuliona hata moja. Ameona kingo tu.

"Kule nitakata tiketi kama watu wengine," anasema. "Nikae katikati. Nataka nimwone anavyotoka."

Sitara anacheka, kipaza sauti bado mkononi. "Na akikutazama wewe, dada Swaumu?"

Swaumu anafunga waya kwa kamba, anauweka begani, anautazama ukuta mweusi kwa mara ya kwanza tangu onyesho liishe.

"Nitamwambia shikamoo."